Majina ya Vitu Tuvionavyo: Ushauri kwa Mwanagenzi wa Uchoraji

Kijana mmoja, jirani yangu hapa Shanzu, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa sanaa, alinijia alasiri moja na karatasi mkononi, akaniomba niisome kabla hajaipeleka kwa mwalimu wake. Alikuwa ametakiwa aieleze leso ya mamake kwa maneno yasiyopungua mia, naye alikuwa ameandika kwamba leso ile ni nzuri, na rangi zake ni nzuri, na maua yake yamechorwa vizuri, na kwamba kwa jumla yapendeza machoni. Akafika maneno arubaini, wino ukamkaukia. Nilimwuliza kama aliipenda leso hiyo kweli, akaniambia kuwa aipenda sana. Basi mapenzi hayakumpungukia, wala macho yake hayakuwa na kasoro; alichopungukiwa ni majina, na mtu asiyekuwa na jina la kitu hukiona kama abiria aionavyo miti ya kando ya njia, ambayo ilikuwapo, ikapita, na akiulizwa ilikuwa miti gani hujibu kuwa ni miti tu.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya kijana yule na wenziwe, na hasa kwa wale wajifunzao ualimu, maana Shanzu yetu ina chuo cha ualimu, na mwenye kusomea ualimu hajifunzi kwa nafsi yake pekee. Neno atakalolishika vibaya leo atawapokeza watoto arubaini kesho, na watoto hao watalibeba maisha yao yote wakidhani ni neno sahihi.

Shauri langu la kwanza ni kwamba usianze na kitabu. Sisemi kitabu ni kibaya. Nasema wakati wake haujafika. Kitabu cha darasani aghalabu hufungua kwa orodha ya mstari, umbo, rangi, nafasi na kadhalika, na mwanafunzi huikariri orodha hiyo kama akaririvyo majina ya mito ya nchi asizozijua, akaitapika siku ya mtihani, mambo yakaishia hapo. Anza nyumbani, kwa kitu ambacho watu wa nyumbani wamekwisha kukipa majina wenyewe, na kwa sisi watu wa pwani hakuna kitu cha namna hiyo kilicho karibu kuliko leso.

Itandaze leso sakafuni. Ukanda ule uizungukao pande zote nne huitwa pindo. Uwanja wa katikati huitwa mji. Na maneno yaliyoandikwa chini kidogo ya katikati huitwa jina. Tazama hekima ya waliozaa majina hayo: uwanja ni mji kwa kuwa ndimo wakaamo wenyeji, yaani maua, korosho, ndege na mananasi, pindo ni ukuta wa mji, na leso isiyo na jina haina wa kuiita. Mwanafunzi ayajuaye maneno haya matatu amekwisha kuujua mpaka, uwanja na maandishi, mambo ambayo mbunifu wa jalada la kitabu au wa bango la duka huhangaika nayo kila siku ya Mungu, na ameyajua pasina kukariri.

Bado leso ina somo jingine. Husimuliwa kwamba asili yake ni vitambaa vya mkono, vile ambavyo Wareno waliviita kwa neno lililotupa sisi leso, vilivyouzwa vikiwa bado havijakatwa. Wanawake wa pwani wakanunua vipande sita, wakavikata vitatu vitatu, wakavishona safu mbili, wakapata nguo moja pana. Ukiyatia akilini masimulizi hayo utafahamu mara moja maana ya ruwaza, neno ambalo wengi hulichanganya na nakshi. Nakshi ni pambo lenyewe, liwe moja au mia. Ruwaza ni mtindo wa kurudiarudia, kipande kimoja kikaitwa tena na tena kwa mpango unaojulikana, kama vile vipande sita vya leso. Ua moja lililochongwa juu ya mlango ni nakshi. Ua hilo hilo likiteremka na mwimo wa mlango, moja chini ya jingine kwa nafasi sawa, limekuwa ruwaza. Chukua chaki, tafuta katika leso yako kile kipande kidogo kabisa ambacho kikirudiwa huijaza leso nzima, kizungushie mstari, kisha hesabu kimerudi mara ngapi. Kazi hiyo ya nusu saa itakufundisha zaidi ya kurasa kumi, nami nimeijaribu kwa vijana wengi wala haijaniangusha.

Ukipata nafasi ya kwenda mjini, pita Mtaa wa Biashara, mahali ambapo leso huuzwa kwa wingi, na ambapo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla yajulikana pwani yote, lingali likiuza. Majina ya leso zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakahamia herufi za Kirumi, na mwanagenzi wa usanifu asipite pale bila ya kutazama namna herufi zinavyolazimishwa kuingia katika nafasi finyu zikabaki zasomeka. Rudi nyuma hatua ishirini, usome tena. Herufi isiyosomeka kwa hatua ishirini haifai dukani, haifai katika bango, wala haifai ubavuni mwa matatu, hata ikiwa imepambwa kwa moto na mbawa kama zipambwavyo zile za matatu za barabara ya Mtwapa, ambazo mara nyingi mimi hujua zimeandikwa jina fulani kwa kuwa utingo amelitamka.

Sasa tuje kwenye mstari. Alfajiri nenda ufukoni, ukae juu ya jiwe la matumbawe, utazame mashariki. Mstari wa kwanza utakaouona ni ule ambao bahari na mbingu zakutana, na jina lake ni upeo. Ni mstari wa ajabu, kwa kuwa haupo: hakuna aliyeufikia wala aliyeugusa, na mtu akisogea nao husogea. Lakini mchoraji asipojua pa kuuweka upeo, picha yake yote huanguka, kwa sababu upeo siku zote huwa sawa na macho ya mtazamaji. Ukiketi chini hushuka nawe, ukipanda juu ya paa hupanda nawe. Mistari ya barabara, ya kuta na ya mapaa, hata ikiwa kwa kweli yaenda sambamba, machoni huelekea kukutana mbali pale penye upeo, na ukisimama kando ya barabara kuu mahali ilipolala sawa utaona pande zake mbili zinavyokaribiana kama zinazofanya siri. Neno moja hili, upeo, likikukaa, mlango wa elimu ya umbali katika picha umefunguka.

Mistari mingine i hapo hapo. Mlingoti wa ngalawa ni wima, maji yametulia mlalo, na mnazi umeinama hanamu. Neno hilo la mwisho waulize maseremala, nao watakuonyesha ubao uliokatwa hanamu na ule uliokatwa sawa, na mwashi atakutolea timazi yake akupimie wima. Pana mlia, ambao ni mstari mpana wenye rangi, kama ule wa punda milia. Pana mfuo, ambao ni alama ya kuchimbika. Pana mshono, mstari uliozaliwa kwa kuungana kwa vitu viwili. Na pana ufa, mstari uliozaliwa kwa kitu kimoja kutengana. Lugha iliyotoa majina mengi kiasi hiki haikufanya hivyo kwa anasa. Mchoraji achoraye ufa wa ukuta kwa mkono ule ule aliochorea mshono wa tanga huyo hajatazama, amekisia.

Juu ya umbo sitakawia, maana maneno yake hufunzwa katika hesabu nanyi mwayajua: duara, mraba, mstatili, pembetatu. Nitakumbusha jambo moja tu, kwamba kila umbo la bapa lina nduguye mnene awezaye kushikwa mkononi: nduguye duara ni tufe, nduguye mraba ni mchemraba, na nduguye pembetatu ni pia, ile pia ya kuzungushwa na watoto. Picha ni ya bapa, dunia ni nene, na kazi ya mchoraji ni kumfanya mtu aone tufe pale ambapo pamechorwa duara. Ukitaka kuona jinsi umbo libadilikavyo kwa kubadilisha mahali pa kutazamia, tafuta ramani ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiwa chini waona kuta tu. Katika ramani waona mfano wa mtu aliyelala chali, mwenye kichwa, mikono na miguu. Na ukiingia ndani yake, omba uonyeshwe picha za ukutani zilizochorwa na Wareno kwa rangi nyeusi na ya udongo mwekundu, uone ni mambo mangapi mkono waweza kuyasema kwa mistari mitupu.

Lakini mistari mitupu haina unene; unene huletwa na nuru na kiza, na hapa Kiswahili kimetutunukia maneno mawili ambayo vijana wa sasa wameanza kuyafanya moja, nami nasikitika. Kivuli ni kile kitu cheusi kitupwacho na mwili ulioziba nuru: kina umbo, kina kingo, hurefuka na kufupika. Uvuli ni ile hali ya mahali pasipofikiwa na jua, pale tunapoketi kunywa dafu: hauna umbo la kuchorwa, una ubaridi na ukimya. Picha yoyote ya nje yahitaji vyote viwili, na mchoraji akitia kivuli cha mwembe bila ya kutia uvuli chini ya majani yake, mwembe huo utaonekana kama umekatwa kwa mkasi ukabandikwa juu ya karatasi.

Pwani yetu ina fadhila moja katika jambo hili. Jua latoka baharini na kuzama bara, kwa hivyo asubuhi ngalawa iliyo majini huonekana nyeusi tupu, na uso wake wote u kizani. Alasiri ngalawa hiyo hiyo, mahali pale pale, imeangazwa mbavu zake zote na kivuli chake kimeangukia upande wa bahari. Ichore mara mbili. Kabla ya kuichora, jitengenezee ngazi ya vidato saba kwa kipande cha mkaa: kidato cha kwanza kiwe weupe wa karatasi yenyewe, cha saba kiwe weusi mwisho wa nguvu za mkaa, na vitano vya katikati vipande kwa kadiri sawa. Wanagenzi wengi hutumia kidato cha pili na cha tatu peke yake, kwa woga, na picha zao zote huonekana kama zimechorwa siku ya mawingu. Usiogope cha saba.

Rangi ndiyo bahari yenyewe, nami hapa nataka tuende polepole. Sifa za rangi zilizo za Kibantu halisi, zikubalizo viambishi vya ngeli, ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu, na si ajabu kwamba hizo ndizo rangi za kisutu, leso ya heshima ya arusi. Rangi nyinginezo wazee walizichukua kutoka kwa vitu: manjano kutoka kwa bizari ya manjano, kijani kutoka majanini, kijivu kutoka jivuni, kahawia kutoka kahawani, zambarau kutoka katika tunda la mzambarau liachalo ulimi umekolea, samawati kutoka mbinguni, waridi kutoka katika ua la jina hilo, nili kutoka katika rangi ya kutilia nguo. Damu ya mzee ni nyekundu ielekeayo weusi, nalo ni jina ambalo sijaona mfano wake. Kwa sababu hiyo rangi kwetu sisi huja na ushahidi wake. Mtu akibisha kama kitu fulani ni cha zambarau au cha urujuani, hatuhitaji kwenda kwa hakimu. Tunda lipo, na lishikwe likaribishwe na kitu.

Hata hivyo jina la rangi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hali yake, na hapo mama zetu wafuao nguo ndio maulamaa. Watakwambia rangi imekoza, yaani imejaa nguvu. Au imekolea, yaani imeingia barabara katika kitambaa. Au imepauka, yaani imepotewa na mng'ao kwa jua na vumbi. Au imefifia, yaani yaelekea kutoweka. Au imechujuka, yaani imetoka majini na huenda imeichafua na nguo ya jirani. Mwanafunzi asemaye buluu amesema kidogo. Asemaye buluu iliyopauka amenionyesha tanga kuukuu. Asemaye buluu iliyochujuka amenionyesha sare ya shule mwezi wa tatu. Jizoeze kutosema jina la rangi bila ya kulifungia hali yake.

Katika kuchanganya, mkono utakufundisha kuliko mimi. Nyekundu, manjano na buluu ndizo utakazoanza nazo. Manjano na buluu huzaa kijani, nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa, nyekundu na buluu huzaa zambarau. Rangi mbili zilizo mbalimbali kabisa, kama nyekundu na kijani, zikiwekwa bega kwa bega kila moja humchokoza mwenziwe akazidi kuwaka, na zikichanganywa kwenye sahani huuana zikawa tope. Kama huna fedha ya rangi za dukani, usitumie umaskini kuwa udhuru: manjano ya jikoni, mkaa, chokaa na udongo mwekundu uliochungwa na kutiwa gundi vyatosha kwa mwaka wa kwanza. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, na kwa rangi hizo, zikiwa bapa na zenye kingo kali, aliacha mtindo uliobeba jina lake hata leo.

Na kwa kuwa nimetaja weupe, niseme jambo la mjini kwetu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya Mombasa yapakwe nyeupe na buluu. Watu walibishana sana juu ya amri hiyo, nami sitaki kuufufua ubishi. Nataka mwanagenzi aende akautazame ukuta mmoja katika hizo kuta nyeupe saa sita mchana, kisha aurudie karibu na Magharibi. Mchana ataukuta waumiza macho. Jioni ataukuta umekuwa wa manjano upande mmoja, na upande wa pili umekuwa wa samawati. Weupe hauna rangi yake peke yake, hupokea za majirani. Achoraye ukuta mweupe kwa rangi nyeupe tupu amechora aujuavyo, hakuchora auonavyo.

Mguso wa vitu, yaani ulaini na ukwaruzaji wa nyuso zao, ni jambo ambalo watoto hulijua na watu wazima hulisahau. Nazi moja ina darasa zima: kumbi lina nyuzi, kifuu ni kigumu na chakwaruza, na nyama ni laini yenye unyevu. Hata karatasi ya kupigia ubao msasa ilirithi jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na ambayo mafundi wa zamani walisugulia mbao kabla ya karatasi hizo kuja. Weka karatasi nyembamba juu ya mkeka, usugue kwa ubapa wa mkaa, na mkeka utajichora wenyewe. Fanya hivyo kwa jiwe la matumbawe, kwa gome la mwembe na kwa sarafu, upate daftari la miguso ambalo halitahitaji maelezo.

Mizani ndiyo neno ambalo vijana hulipotosha kuliko yote, maana hudhani kuwa na mizani ni kuwa na pande mbili zinazofanana. Hiyo ni namna moja tu, nayo twaiona katika milango ya nakshi ya Mji wa Kale, ambapo vizingiti viko juu na chini, miimo miwili yakabiliana, na mfaa umesimama katikati ukificha mahali mbao mbili zikutanapo. Kinachofanyika kulia kimefanyika kushoto, na mlango huo una adabu ya mtu aliyevaa kanzu. Kuna mizani nyingine iliyo ngumu zaidi na hai zaidi. Tazama ngalawa ikienda kwa upepo mkali: tanga limejaa na limeulalia upande mmoja, kubwa kama nyumba, na baharia mmoja mwembamba ametoka akakalia mti wa upande wa pili, mbali na chombo, na kwa umbali ule uzito wake mdogo unalizuia tanga lote lisipinduke. Katika picha ni vivyo hivyo. Eneo kubwa la rangi iliyopauka laweza kusawazishwa na doa dogo la rangi iliyokoza, mradi doa hilo likae mbali na katikati. Tangu nilipolifahamu jambo hilo baharini, sikupata taabu tena ya kulieleza darasani.

Kuhusu uwiano, vipimo vyetu vya zamani vya mwili vyatosha: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima, na pima ya mtu, akinyoosha mikono, hukaribiana sana na urefu wake. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba au saba na nusu, ilhali mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa vinne hivi. Ndiyo maana picha nyingi za mama na mtoto zichorwazo na wanagenzi huonyesha mama amembeba mzee mdogo. Na kuhusu nafasi tupu, simama mbele ya pembe za ndovu za Moi Avenue usitazame pembe, tazama hewa iliyo kati yake. Ichore hewa hiyo, na pembe zitajitokeza zenyewe. Mahali ambapo jicho hutua kwanza wengine hupaita kwa majina marefu. Mimi hupaita kitovu, na sijaona mwanafunzi aliyeshindwa kunielewa.

Yamkini utaniuliza: mtihani na vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza, maneno haya ya leso na ngalawa yatanifaa nini? Jifunze yote mawili, lakini la nyumbani litangulie, kwani neno la kigeni likikuta jambo limekwisha kufahamika hukaa upesi, na lisipolikuta huelea. Wala usiwe na chuki na maneno ya kukopa. Rangi yenyewe ni neno lililovuka bahari kutoka kwa Waajemi na Wahindi. Nakshi na mizani ni za Waarabu, leso ya Wareno, picha ya Waingereza. Zimekaa hapa hata zimepata wajukuu. Ninachokukataza ni kukopa neno ambalo lako lipo ghalani.

Shauri la mwisho ni juu ya mpango wa kueleza. Kwa mwezi mmoja jipige marufuku kutumia maneno nzuri, maridadi na yapendeza. Kwanza taja kilichopo, kisha kimefanywa kwa nini na kwa mkono wa namna gani, kisha kimepangwaje, na hukumu yako, kama unakipenda au hukipendi, iweke nyuma kabisa, baada ya kuilipia. Yule kijana wangu tulikaa naye ukumbini hata taa zikawashwa, na mwishowe aliandika, kwa maneno yake, kwamba pindo la leso ya mamake ni jeusi lenye korosho nyekundu zinazofuatana kichwa kwa mkia, na kwamba mji wake ni wa manjano iliyopauka kwa kufuliwa, una ua moja kubwa katikati ambalo ndilo kitovu, na maua manne madogo pembeni yaliyolishika ua hilo lisielee. Kwamba jina limeandikwa kwa herufi nyembamba kuliko nguvu ya pindo, na hapo mbunifu amekosea. Na kwamba yeye aipenda leso hii zaidi sasa imepauka kuliko ilipokuwa mpya, kwa kuwa weusi wa pindo umezidi kuonekana. Yalipita mia bila ya yeye kuhesabu, na kosa lile la herufi alilionyesha mwenyewe, mimi sikuwa nimeliona.

Wewe nawe, kabla ya juma hili kwisha, tafuta mkeka uliosukwa kwa mkono, uketi mbele yake na penseli moja. Chora kipande cha shibiri moja tu, ukili kwa ukili, rangi kwa rangi, na mahali penye mshono uonyeshe mshono. Ukiwa na bahati ya kumpata aliyeusuka, aghalabu atakuwa bibi yako au jirani wa bibi yako, mwamkie, umwulize jina la kila sehemu, uyaandike majina hayo kama alivyoyatamka, wala usimsahihishe.